Kit Carson Niliyemtetea

Nilipokuwa nikiendesha mafunzo ya kuandika hadithi za katuni, mfano wangu wa kila mara ulikuwa Tex, katuni ya Kiitaliano iliyoanzishwa mwaka 1948 na mwandishi Gian Luigi Bonelli na mchoraji Aurelio Galleppini. Tex Willer ni renja wa Texas, na papo hapo ni chifu wa Wanavajo. Mkewe Lilyth, Mnavajo, anakufa kwa ndui iliyoletwa na mablanketi ambayo wafanyabiashara waliwauzia watu wake huku wakijua yana ugonjwa. Tex anawasaka. Kisasi hicho nilikisimulia kwa mbwembwe, darasa kimya.

Swahiba wake wa kufa na kuzikana ni Kit Carson, mzee mwenye mvi na ndevu za mbuzi, anayenung'unika kutwa mpaka aletewe steki na rundo la chipsi. Nikawaambia wanafunzi kwamba mtu huyu aliishi kweli, na kwamba ndivyo alivyokuwa: rafiki wa Wanavajo.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, si ndiye aliyewachomea mashamba?"

"Wewe soma hadithi kwanza, ubishi baadaye." Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Kijana alikuwa sahihi. Mwaka 1863 Kanali Carson, kwa amri ya Jenerali James Carleton, aliongoza askari wa Marekani kuchoma mahindi ya Wanavajo na kuteka mifugo yao, ili njaa iwatoe mafichoni. Januari 1864 wakapenya hadi korongo la Canyon de Chelly. Maelfu ya watu wakaswagwa kwa miguu, mamia ya kilomita, hadi kambi ya Bosque Redondo, na wengi walifia njiani na huko huko. Waliobaki waliruhusiwa kurudi kwao kwa mkataba wa 1868.

Kisasi cha Tex kilinilevya kwa sababu kinaridhisha mno: waovu ni wachache, wana majina, wakishapatikana deni limelipwa. Mahindi ya 1863 yaliteketezwa na serikali. Tex angemsaka nani? Labda angeanza na huyo anayekula naye steki.

Nilipoyasoma haya, mafunzo yalikuwa bado yanaendelea. Sikusahihisha kitu. Nilimtoa Tex kimya kimya, nikaleta katuni ya Blueberry ya Charlier na Giraud, nikajidai ni kwa ajili ya michoro. Yule kijana sikumwomba radhi. Namwomba sasa, na naiomba hadharani kwa kuwa alichekwa hadharani.