Kijana wa Kenya katika Karakana ya Kobe

Mji wa Kobe, katika nchi ya Japani, umebanwa kati ya milima na bahari. Kaskazini husimama milima ya Rokko, ambayo kilele chake kina urefu wa mita 931. Kusini iko bandari iliyofunguliwa kwa wafanya biashara wa kigeni mwaka 1868. Kwa hiyo wenyeji hawapati taabu kumwelekeza mgeni: humwambia tu kwamba nyumba aitafutayo iko upande wa mlimani au upande wa baharini. Mtu wa Mombasa akifika humo hatashangaa kuona meli, na kama ni Mwislamu ataukuta msikiti uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza katika Japani yote, ambao ulisalimika katika tetemeko kubwa la ardhi la tarehe 17 Januari 1995.

Mwaka 2013, katika mkutano uliofanyika Yokohama, serikali ya Japani ilitangaza mpango wa kuwaalika vijana 1,000 wa Afrika kwa muda wa miaka mitano, wasome katika vyuo vikuu vyake na tena wajifunze kazi katika makampuni yake. Vijana wa Kenya wamekuwa miongoni mwao, na wengi wa wanafunzi wa mpango huo wamesomea Kobe. Masomo ya chuoni yana vitabu na walimu. Lakini desturi za kazini hazina kitabu, na hapo ndipo mgeni hujaribiwa.

Kazi ikianza saa mbili na nusu asubuhi, mtu afikaye saa mbili na nusu kamili huhesabiwa kuwa amechelewa, kwa kuwa wenzake wamekwisha kubadili viatu na kushika vyombo. Katika viwanda vingi watu husimama pamoja na kunyosha viungo kwa kufuata mazoezi yaliyoanza kutangazwa katika redio mwaka 1928. Kisha hufanya baraza fupi, na kila mmoja hueleza kazi yake ya siku hiyo. Jioni, aondokaye kwanza huwaomba radhi wanaobaki, nao humjibu kwa neno ambalo Mswahili hulielewa mara moja, maana halipitani sana na “pole na kazi”.

Mambo hayo kijana hujifunza kwa juma moja. Liko moja gumu zaidi. Wajapani huliita horenso, neno lililofupishwa kutoka maneno matatu: kutoa habari kwa mkubwa, kupashana habari na wenzako, na kuomba shauri. Kwa sauti hufanana na jina la spinachi, na kwa hiyo halisahauliki upesi.

Chukua mfano wa kijana aliyelelewa vema nyumbani. Amefundishwa kwamba heshima kwa mkubwa ni kunyamaza mpaka aulizwe. Amewekwa penye mashine ya kukata vyuma, na kabla ya adhuhuri anaona vipande vichache vimepungua kipimo. Anaona haya. Msimamizi anapita na kumwuliza kazi inaendeleaje, naye anajibu kwa upole, “Hakuna shida.” Anadhani atairekebisha mashine mwenyewe. Jioni sanduku zima limeharibika, na wenzake wanabaki kuchambua vipande kimoja kimoja.

Msimamizi hapigi kelele. Anauliza jambo moja tu: kasoro ilionekana saa ngapi? Kijana akisema ilionekana asubuhi, ndipo uso wa mzee hubadilika. Kukosea kipimo kungesamehewa upesi, kwani mwanafunzi yuko hapo ajifunze. Saa sita za kunyamaza ndizo zinazomsikitisha. Katika viwanda vya Toyota, kwa miaka mingi, mfanyakazi aonaye kasoro amekuwa na ruhusa ya kuvuta kamba ili kumwita mkubwa wake, na ikibidi kazi yote husimama. Hivyo yule mzee na yule kijana wote wawili walitaka kuonyesha heshima, ila mmoja aliitafuta katika kunena na mwingine katika kunyamaza.

Walakini mgeni mwenye busara hachukui kila desturi aionayo. Wajapani wana neno lao, karoshi, maana yake kifo kiletwacho na kazi kupita kiasi, na mwaka 2018 bunge lao lilipitisha sheria ya kupunguza saa za ziada: kwa kawaida zisizidi 45 kwa mwezi wala 360 kwa mwaka. Kijana akikaa ofisini mpaka usiku kwa sababu tu mkubwa wake hajaondoka, hajapata elimu yoyote ya kurudi nayo Kenya.

Hili la kutoa habari mapema ndilo linalofaa kufungwa mzigoni. Lamfaa karani aliyekosea hesabu ya mishahara, na mfanya kazi wa shambani aliyeona viwavi katika mistari miwili ya mahindi. Lakini haliwezi kumea mahali ambapo mkubwa humkaripia mwenye kuleta habari mbaya. Hapo kila mtu atajibu “hakuna shida” mpaka mahindi yaishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa huzibwa upesi pale ambapo aliyeuona haogopi kuutaja.