Tulimshauri kwa Dakika Tano



Wasomaji wapendwa, wengi wenu mnatufahamu kwa sababu kila likizo mnatupokea parokiani kwenu. Mnatupa chakula, mnatupa vipindi vya dini mashuleni, na mnatuita frateri hata kabla sisi wenyewe hatujalizoea jina hilo. Pamoja na heshima hiyo tunapewa jambo jingine ambalo hatukuliomba: watu hutuuliza maswali. Na sisi tulio katika falsafa tuna ugonjwa wa kuwa na jibu.

Likizo ya mwaka juzi tulikuwa watatu katika parokia moja ya kijijini. Paroko alitutuma sekondari ya kata tukazungumze na kidato cha nne juu ya wito. Baada ya kipindi kijana mmoja akatufuata hadi chini ya mwembe. Alikuwa mzuri katika hesabu na fizikia. Baba yake alitaka achague PCM. Yeye alitaka kwenda VETA akajifunze umeme wa majumbani. Akatuuliza sisi tunaonaje.

Tulimjibu ndani ya dakika tano. Tulimwambia kwamba mwenye kichwa cha hesabu asijifiche kwenye chuo cha ufundi, kwamba nchi inahitaji wahandisi, na kwamba huo umeme ataukuta mbele ya safari. Mmoja wetu akaongeza mfano wa talanta, yule mtumishi aliyefukia fedha ya bwana wake. Kijana akashukuru, akaondoka. Sisi tukarudi nyumba ya mapadre tukiwa na furaha ya watu waliofanya utume.

Mwaka jana tuliporudi, mama yake alitusimamisha baada ya Misa ya pili. Alitusalimia vizuri, akauliza masomo, akauliza wazazi wetu. Kisha akasema mtoto yuko nyumbani. Alipangiwa shule ya bweni mbali, akaenda, familia ikauza ng'ombe kwa ajili ya nauli na mahitaji, na kabla mwaka haujaisha akarudi na begi lake. Sasa anafyatua matofali. Mama hakutulaumu. Alisema tu, “Aliniambia mafrateri nao wamesema hivyo hivyo.” Neno hilo “nao” tumelala nalo siku nyingi.

Hapa inatubidi tumtaje mtu mwingine, ambaye naye tulimkosea. Katika sekondari ile kuna mama mwalimu wa Jiografia ambaye kwa miaka mingi ndiye mwalimu wa ushauri na unasihi. Alipataje kazi hiyo? Katika kikao cha walimu mkuu wa shule alisema anahitajika mtu mwenye moyo wa huruma, watu wakamgeukia yeye. Alikabidhiwa faili na ufunguo wa chumba ambacho nusu yake ni stoo ya majembe. Vipindi vyake vya Jiografia havikupunguzwa hata kimoja.

Mwalimu huyo aliomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika ushauri, upande wa kuwaongoza vijana katika masomo na kazi, akapata. Ada ikawa mlima. Akaleta shida yake katika Jumuiya. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, akauliza: “Shahada ya pili ya kuongea na watoto? Sisi tuliwalea kwa cheti gani?” Watu wakacheka. Sisi tulikuwepo, nasi tukacheka. Tena tulicheka kwa sauti, kwa kuwa tulikuwa wasomi wa pale na kicheko chetu kilikuwa na uzito.

Hatusemi swali la mzee ni la kijinga. Wazee walikuwa na shauri, na bado wanalo. Lakini shauri la mzee lilikaa juu ya ulimwengu alioujua: shamba, mifugo, uvuvi, ualimu, upadre, jeshi. Kijana wa leo anaulizwa kuhusu ulimwengu ambao hata sisi hatuujui. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Sisi tulipokuwa chini ya ule mwembe tulizijua labda nane, na katika hizo tuliweza kueleza mbili zinampeleka mtu wapi. Nani kijijini anazijua zote 65? Hilo si suala la moyo wa huruma. Ni suala la elimu.

Tulipomwendea Mwalimu na habari ya yule kijana, tayari alikuwa ameanza masomo na amekuja nyumbani kwa mapumziko. Tulitegemea atugombeze. Alituuliza maswali matatu. Nyumbani kwao nani hukata shauri la mwisho? Kijana anafanya nini akiwa hajatumwa na mtu? Je, amewahi kumwona mhandisi kazini, hata mmoja? Hatukuwa na jibu la hata swali moja. Tulikuwa tumempa mtu njia ya maisha bila kujua kwamba jioni alikuwa akitengeneza redio za watu kijiji kizima, jambo ambalo Mwalimu alilijua.

Tukamwomba atueleze huko chuoni wanasoma nini hasa. Akatoa daftari. Wanaanza na historia, kwa Frank Parsons wa Boston, mtu ambaye mwenyewe alipita uhandisi, ualimu na uanasheria, na ambaye mwaka 1908 alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana wa mjini kuchagua kazi. Alikufa mwaka huo huo, kitabu chake kikatoka 1909. Wazo lake halina makuu: mtu ajifahamu, aufahamu ulimwengu wa kazi, kisha afikiri sawasawa juu ya uhusiano wa hayo mawili. Wanasoma John Holland, aliyepanga watu na kazi katika aina sita, na Donald Super, aliyeona kwamba mtu hachagui kazi mara moja bali anakua nayo maisha yote. Wanasoma pia kitabu cha Biswalo cha mwaka 1996 juu ya ushauri katika mazingira ya Kiafrika. Mwalimu alikishika hicho kwa upendo wa pekee. Wanajifunza vipimo vya vipaji, na pia namna ya kuvitilia shaka: kipimo kilichotungwa kwa ajili ya kijana wa Marekani, anayechagua peke yake, kinasema nini kwa mtoto ambaye chaguo lake limekalia ng'ombe wa ukoo?

Lakini alichokaa nacho muda mrefu ni mazoezi ya vitendo. Unazungumza na kijana kwa ruhusa yake, mazungumzo yanarekodiwa, kisha unakaa na msimamizi wako mnayasikiliza pamoja. Mara ya kwanza msimamizi alimsimamisha kila alipomkatiza kijana. “Wanangu, niliona aibu,” alisema. “Miaka kumi na moja nimekuwa mshauri, kumbe nilikuwa natangaza.” Sisi tulitazamana. Kama ile sauti yetu ya chini ya mwembe ingerekodiwa, msimamizi angepata nini? Angemsikia kijana akisema sentensi nne, na baada yake mahubiri.

Tuliporudi seminarini tulikuwa tunasoma juu ya busara kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima na kuhukumu, na hatimaye kuamuru jambo litendeke. Tumelipita fundisho hilo kwenye mitihani na tumepata alama nzuri. Safari hii lilituuma. Shauri ni tendo la kwanza tu. Sisi tuliruka hadi la tatu, na tuliliruka kwa niaba ya mtu mwingine.

Kuna jambo linalotuuma zaidi. Sisi wenyewe tumepewa muda. Kuna mwaka wa malezi ya awali, kuna miaka ya falsafa, mwaka wa kichungaji, kisha teolojia. Tuna mlezi wa kiroho ambaye hawezi kutoa siri yetu kwa gombera. Mwongozo wa malezi ya mapadre uliotolewa na Roma mwaka 2016 unatoa nafasi hata kwa wataalamu wa saikolojia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1026, inakataza kabisa kumlazimisha mtu apokee daraja takatifu kwa namna yoyote. Kanisa limejenga ukuta wote huu ili sisi tuchague kwa uhuru. Na sisi, watoto wa malezi hayo, tulimpa mwenzetu dakika tano. Tofauti yetu na yeye ilikuwa miaka saba tu ya umri!

Tusimpake Mwalimu rangi ya malaika, maana yeye mwenyewe angekataa. Tulimwuliza kama akimaliza atarudi kwenye kile chumba chenye majembe. Akanyamaza kidogo, akasema hajui. Wenye shahada ya pili huitwa ofisini, mjini, na yeye ana watoto wa kusomesha. Akirudi, vipindi vya Jiografia vitamsubiri vile vile. Hilo ni tatizo ambalo masomo hayaliondoi, na parokia inayochangia ada ina haki ya kulifikiria. Ila hata hivyo tunaona ni afadhali achangiwe. Tumewachangia watu kwa mambo yaliyotuletea faida ndogo kuliko hiyo, na harusi tunazijua.

Mwezi wa nane alikubali kuonana na yule kijana pamoja na baba yake. Aliturhusu tuwepo, kwa sharti moja ambalo mnalikisia. Tulikaa kwenye benchi la ukutani. Baba alizungumza kwanza, kwa muda mrefu, juu ya ng'ombe. Mwalimu hakumkatiza. Kisha akamgeukia kijana, akamwuliza redio ya mwisho aliyoitengeneza ilikuwa na shida gani. Kijana akaanza kueleza, mwanzoni akitazama chini, baadaye akichora kwa kidole juu ya meza. Alieleza kama dakika kumi. Baba yake alikuwa akimtazama kana kwamba hajawahi kumsikia.

Hawakuamua kitu siku ile. Mwalimu alimpa baba karatasi yenye mahitaji ya vyuo vya ufundi na njia za kuendelea na masomo mtu akimaliza huko, akampangia kijana kwenda siku mbili kukaa na fundi umeme anayefunga nyaya kwenye zahanati mpya. Walikubaliana kuonana tena kabla yeye hajarudi chuoni.

Tulipotoka, baba alitusogelea, akatuuliza sisi tunaonaje. Tukamwambia tulishasema mwaka juzi, na kwamba tunaomba atusamehe. Akacheka kidogo, akasema twende tukanywe uji.

Mwalimu bado ana muhula mmoja na tasnifu. Yule mzee wa Jumuiya amekuwa wa kwanza kuchangia, na amesema asitajwe.