Mistari Iliyopotea Mlima Wilson

Wengi wetu tunaoishi kusini mwa California tunaufahamu Mlima Wilson kwa sababu ya minara ya televisheni iliyopo kileleni. Ukiwa Pasadena usiku unaziona taa zake nyekundu. Lakini huko huko juu, tarehe 13 Desemba 1920, ndiko nyota iliyo nje ya mfumo wa jua letu ilikopimwa upana wake kwa mara ya kwanza. Sisi tuliisikia habari hiyo darasani, miaka mingi kabla ya kuuona mlima wenyewe, na siku tuliyoisikia tuliinamisha vichwa.

Ilikuwa mwaka 1991. Tulikuwa vijana watatu kutoka Afrika Mashariki, tukisomea uhandisi katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani. Zoezi mojawapo la maabara lilikuwa la chombo kiitwacho interferometa. Chombo hiki huugawa mwanga sehemu mbili, kila sehemu ikapita njia yake, kisha zikakutanishwa tena. Mwanga hwenda kwa mawimbi, kama maji. Mahali ambapo mgongo wa wimbi moja unakutana na mgongo wa jingine, mwanga huzidi. Mgongo ukikutana na bonde, mwanga juu ya mwanga huleta giza. Kwa hiyo mtazamaji anapaswa kuona mistari, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi.

Sisi hatukuiona. Tulikaa chumba cha chini jioni tatu tukizungusha skrubu. Lori likipita barabarani, meza nzima ilitetemeka. Jioni ya tatu tulichora mistari kwenye daftari kwa kuiga picha ya kitabuni, tukabuni na vipimo vya kufanana nayo. Mwenzetu mmoja alikataa. Alitaka tuandike tu kwamba hatukuona mistari. Tulikuwa wawili dhidi yake na muda ulikuwa umekwisha. Hatimaye naye akatia jina lake. Tulipata alama nzuri.

Wiki iliyofuata mwalimu akaanza kusimulia habari za nyota.

Tatizo la nyota ni umbali. Hata kwenye darubini kubwa hubaki nukta, na hewa ya dunia huichezesha nukta hiyo mpaka ikawa kidoa kinachotapatapa. Mwaka 1868 Mfaransa Hippolyte Fizeau alipendekeza jambo la ajabu: badala ya kuifungua darubini yote, izibeni, mbakishe matundu mawili tu yaliyo mbalimbali. Mwanga wa nyota ukipita matundu yote mawili utakutana na kufanya mistari. Sasa nyota ina upana, hata kama hatuuoni. Upande wake wa kushoto hufanya mistari yake, na upande wa kulia hufanya yake, iliyosogea kidogo. Kadiri matundu yanavyotenganishwa ndivyo msogeo huo unavyoongezeka, hadi pale mweupe wa upande mmoja unapoufunika mweusi wa upande mwingine. Hapo mistari inapotea. Pima umbali wa matundu wakati huo, na umeupata upana wa nyota.

Édouard Stéphan alijaribu huko Marseille miaka ya 1873 na 1874, kwa darubini ya sentimeta 80. Kila nyota aliyoitazama, mistari ilibaki pale pale. Darubini yake ilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo. Naye aliandika hivyo hivyo: nyota zote ni ndogo kuliko ninavyoweza kupima, na kipimo changu kinaishia hapa. Mtu alikosa alichokitafuta, akatangaza mpaka wa kukosa kwake, na jina lake likaingia katika historia ya elimu hii. Tulipolisikia hilo darasani, hatukutazamana.

Albert Michelson, mtoto wa wahamiaji aliyeletwa Marekani akiwa mdogo, aliirudia njia hiyo mwaka 1891, akapima miezi minne mikubwa ya Mshtarii. Kwa nyota alihitaji chombo kikubwa zaidi, akangoja karibu miaka thelathini. Hata darubini ya Mlima Wilson ya mita 2.5, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani, haikutosha peke yake. Basi wakaweka mbele yake boriti ya chuma ya mita 6 yenye vioo vinne. Viwili vya nje viliweza kusogezwa, vikaukamata mwanga na kuurudisha kwa viwili vya ndani, vilivyoupeleka kwenye darubini. Sisi wahandisi tunapenda kuwakumbusha watu wa fizikia kwamba wazo la Fizeau lilisubiri chuma kwa miaka hamsini na mbili.

Nyota waliyoichagua ni Betelgeuse, ile nyekundu begani mwa Jabari, ambayo Waswahili wa zamani waliiita Ibuti la Jauza. Kwenye darubini alikuwa Francis Pease pamoja na John Anderson. Walitazama kwa macho, si kwa picha. Vioo vilipofika kama mita 3, mistari ya Betelgeuse haikuonekana. Je, ni nyota, au ni chombo kimeharibika? Wakaielekeza darubini kwenye nyota nyingine, vioo vikiwa vile vile, na mistari ikaonekana. Wakarudi Betelgeuse: hakuna. Jibu lilikuwa sekunde 0.047 za pembe, yaani kama kuitazama sarafu ya senti 25 ya Marekani iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 100. Ingewekwa mahali pa jua letu, nyota hiyo ingeimeza dunia na kuipita hata njia ya Mirihi.

Kwa hiyo kipimo kile kikubwa kilitokana na watu walioandika kwamba hawakuona mistari.

Baadaye Pease alitengeneza boriti ya mita 15, lakini chuma kirefu hupinda, na hakikumpa mengi. Aliyeachana na boriti alikuwa Antoine Labeyrie. Mwaka 1974, huko Nice, aliunganisha mwanga wa darubini mbili zilizosimama mbalimbali, mita 12 kati yao. Leo huko Chile, Paranal, darubini nne za mita 8.2 huunganishwa namna hiyo, na mwaka 2018 ziliifuatilia nyota ikilipita karibu shimo jeusi lililo katikati ya kundi letu la nyota.

Mlima Wilson nao haukulala. Chuo cha Georgia State kina darubini sita za mita moja moja huko, zikiwa zimetawanyika hadi mita 330. Mwanga hupita katika mabomba yaliyotolewa hewa mpaka kwenye jengo refu, ambamo vioo hupanda vigari juu ya reli na kwenda taratibu kufuatana na mzunguko wa dunia, ili njia zote ziwe na urefu mmoja. Zikitofautiana hata kwa elfu moja ya milimita, kazi inaweza kuharibika.

Agosti 2019 yule mwenzetu alikuja kututembelea. Siku hizi anasomesha fizikia sekondari huko nyumbani. Tulimpandisha mlimani, mwaka mmoja kabla ya moto wa Septemba 2020 kukifikia karibu kilele. Boriti ya Michelson ipo pale, nayo aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Halafu akamuuliza kijana aliyekuwa akitutembeza: mistari isipoonekana, mnajuaje kwamba si kosa la chombo?

Yule kijana akajibu kwamba kila mara hutazama kwanza nyota ya jirani ambayo tabia yake inajulikana, kisha hurudi kwenye nyota wanayoipima.

"Na mkikosa kabisa?"

"Tunaandika tumekosa."

Mwenzetu akatugeukia. Sisi wawili tukajifanya tunasoma kibao cha ukutani. Akacheka, akatushika mabega, akauliza kama kuna mahali pa kunywa chai.