Duara Lilipotitia, Mungu Hakuniacha

Ndugu yangu, kama umefiwa na aliyekuwa akikulisha, naomba unisikilize. Mimi ni mama, naishi Segese, na hapo ulipo leo nimepita.

Mume wangu alikuwa mchimbaji mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi akanywa uji, akachukua tochi, akaenda duarani, kwenye shimo la dhahabu. Mchana mtoto wa jirani akaja mbio. Alisimama mlangoni. Hakusema neno. Nikajua.

Duara lilikuwa limetitia. Matimba ya kushikilia kuta yamekatika. Wanaume wanatoa kifusi kwa majembe, wengine kwa mikono. Nikamwita jina lake. Kimya. Nikaita tena. Watu wakanikumbusha wale wachimbaji wa Nyangalata, wilayani kwetu Kahama, waliotolewa watano wakiwa hai mwaka 2015, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nikalishika neno hilo. Nikaomba. Usiku ukaingia. Alfajiri wakamtoa. Hakuwa hai.

Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao. Madeni yakabaki. Kuna usiku niliwalaza watoto kwa maji ya moto na chumvi. Wakasinzia. Nikafungua mlango nikatoka. Sikuwa na pa kwenda. Nilitaka kutembea tu. Nisirudi. Mama mkwe akaja nyuma yangu. Hakuniuliza kitu. Alinishika mkono, akanirudisha ndani, akatandika mkeka mlangoni, akalala pale. Akalala pale na usiku uliofuata, na mwingine. Mungu alinijibu kwa mkono wa mama yule.

Nikaanza kuponda mawe, kisha kuosha marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, na akina mama wenzangu. Dhahabu ilipatikana, kidogo kidogo. Lakini mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani. Anaweka, anasoma mwenyewe, anakutajia pointi zako za gramu. Ukibisha, anakwambia peleka kwingine. Nilikuwa narudi nyumbani na hela isiyotosha hata unga, na siku moja baba mkwe akaniona nalia.

"Mayu, mama," akasema, "na sisi tuliibiwa hivyohivyo."

Akanisimulia habari za miaka ya hamsini, yeye akiwa mtoto anayemfuata baba yake kuuza pamba. Mkulima anafika na mzigo, mnunuzi anasoma mizani, mkulima anaambiwa tu. Ndipo akatokea Paul Bomani, mtoto wa mchungaji, aliyewahi kuwa karani mgodini Mwadui, hapa hapa Shinyanga. Akazunguka Usukuma akiwaunganisha wakulima. Wakaweka watu wao wa kupima pamba, wasimame penye mizani pamoja na mnunuzi. Hata TANU, chama cha kudai uhuru, ilipozuiwa huku kwetu mpaka mwaka 1958, watu walibaki na ushirika wao. Mwaka 1955 vyama vile vya ushirika vikaungana kuwa Victoria Federation, na Bomani akawa kiongozi wake. Aliyepigania mizani ya wakulima akaja kushika hazina ya Tanganyika huru, Waziri wa Fedha.

Baba mkwe akaendelea hadi kwa Mwalimu. Mwaka huohuo wa 1955 Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya TANU. Mshahara ukakoma, watoto wapo. Mama Maria akaendesha duka dogo Magomeni. Hapo nililia upya. Picha ya Mwalimu niliiona ukutani tangu darasa la kwanza, lakini sikuwahi kuwaza kwamba nyumba yake nayo ilikaa bila mshahara, na mama wa nyumba akahesabu senti dukani. Nikamuuliza baba, waliogopa? Akasema mtu mwenye watoto anaachaje kuogopa.

Tukachanga, sisi akina mama. Tukanunua mizani ndogo yetu wenyewe. Tukawa hatuendi kuuza mmoja mmoja. Tunakwenda pamoja, tumeshapima. Wanunuzi wengine walikasirika, na nilitetemeka siku ile ya kwanza, lakini wifi yangu alikuwa amesimama begani kwangu. Mwaka 2019 serikali ilipofungua masoko ya madini, Geita kisha Kahama, tulikwenda tukiwa kikundi, tunajua gramu zetu kabla ya kuulizwa.

Madeni nimelipa. Watoto wanasoma. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wakwe zangu ambao hawakunihesabu mgeni baada ya mtoto wao kuondoka. Sijapona kila kitu. Mvua ikipiga bati usiku bado naketi kitandani, na mtoto wa mtu akija mbio barabarani moyo unasimama hadi apite. Mwanangu mkubwa ameanza kusema anataka kwenda duarani, na hilo bado tunalizungumza naye, mimi na babu yake.

Wewe uliyefungua mlango usiku huu, mwamshe mtu aliyelala ndani. Na ukiwa huku kwetu, uliza Segese akina mama wa marudio. Ugali upo, na mizani ipo, utapima na sisi.