Mshika Mbili Ndani ya Kompyuta

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii mimi nimeishuhudia ndani ya kompyuta.

Mama yangu ni mchuuzi wa omena na ngege. Hununua ufukweni Dunga, akauza soko la Kibuye, na karo yangu hutoka kwenye karai lake. Mwaka jana wanafunzi kadhaa tulipewa tovuti ndogo ya bei za samaki tuitunze. Aliyeiandika alikuwa hodari, lakini alitia kila kitu katika faili moja: hesabu za bei, rangi, picha na vichwa. Ilikuwa nyoyo hasa, mahindi na maharagwe chungu kimoja!

Siku moja mwenzetu mmoja alitaka tu kubadilisha rangi ya kichwa. Akafuta mstari alioudhani ni wa mapambo. Kumbe ndio uliojumlisha nauli ya kutoka ufukweni hadi sokoni! Bei zikashuka. Kesho yake mteja akamwonyesha Mama simu: "Mama, mbona unanipandishia?" Mama akajibu, "Mwanangu, simu haikulipa boda." Lakini samaki hangoji. Jioni aliuza kwa hasara.

Mwalimu wetu hakumlaumu mtu. Alisema kosa lilikuwa katika mpangilio, na kwamba ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1979 Mnorwe Trygve Reenskaug alipendekeza programu igawanywe sehemu tatu: data na kanuni zake, kinachoonekana kwenye kioo, na kinachopokea amri za mtumiaji. Mwaka 1994 Mnorwe mwingine, Håkon Wium Lie, akapendekeza CSS, ili rangi na mitindo vikae mbali na maandishi. Desemba 1996 shirika la W3C likaidhinisha toleo la kwanza.

Tusidhani haya ni ya Wazungu pekee. Ushahidi ilizaliwa hapa Kenya Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi zilizoumiza Kisumu yetu pia. Januari 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Jamani, programu inayosafiri hivyo haiwezi kushonewa shati lisilovulika!

Basi tukaketi tukatenganisha. Hesabu zikapata faili lake. Ukurasa ukawa kiolezo chenye nafasi wazi, kinachopokea bei iliyokwisha kupigwa. Mitindo ikaenda kwenye CSS. Wengine walidai kiolezo kisiwe na uamuzi wowote. Mimi nikapinga: kuandika "Leo hakuna mbuta" orodha ikiwa tupu ni kazi ya sura, kwa hivyo kikae na uamuzi huo. Lakini kujumlisha nauli? Hapana, hiyo ni kazi ya hesabu.

Faida tumeiona. Wa Form Two hupaka rangi watakavyo, na bei haitikisiki. Tumetengeneza hata ukurasa wa Kidholuo bila kugusa hesabu. Mama hajui CSS ni mnyama gani, wala hana haja. Anachotaka ni bei isiyomgombanisha na wateja.

Wenzangu wa chama, mkiandika programu, kila kazi ipeni mwenyewe. Pambo likikosewa, macho yataudhika tu. Hesabu ikikosewa, kuna mtu atalala njaa.