Tuwaombee Nini Ndugu Zetu wa Nepal?



Katika kesha la Ijumaa iliyopita, tulipofika kwenye pointi ya wamishenari, mama mmoja wa timu ya maombezi alininong'oneza, "Pastor, kwani tumwombe Mungu afanye nini hasa?" Swali zuri sana. Tukiombea kodi ya nyumba tunamtajia Mungu hadi tarehe ya landilodi. Lakini kwa wamishenari tunasema "Baba, wabariki popote walipo," na kabla dakika mbili kuisha tuko kwenye pointi ya ndoa. Usiku ule muda haukutosha kumjibu. Leo namjibu, na nachukua nchi moja tu: Nepal.

Kwa nini Nepal? Binti mmoja wa kanisa letu anafua nguo hotelini kule Doha, na anaishi chumba kimoja na msichana wa Nepal aliyeokoka. Ijumaa huenda ibada pamoja. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti, analia. Mama ya mwenzake amefariki kijijini, na kijiji kimekataa azikwe.

Sisi tukifiwa tunauliza mazishi ni lini na mweka hazina ni nani. Hatuulizi kama kuna udongo. Lakini wengi Nepal ni Wahindu, na wao huchoma miili ya wafu wao, mara nyingi kando ya mto. Wakristo huzika. Pale Kathmandu walikuwa wakizika kwenye msitu wa Shleshmantak, karibu na hekalu la Pashupatinath, hadi mwaka 2011 walipozuiwa. Tangu hapo kuna wanaozika usiku, kuna wanaonunua kipande cha ardhi mbali na kwao, na kuna wanaokubali kuchoma kwa sababu hawana la kufanya. Mama yule alizikwa siku ya tatu, gizani, kwenye shamba la ndugu mmoja wa kanisa, bila msalaba. Sasa majirani wa shamba wamejua, wanataka mwili utolewe. Binti yake yuko Doha anakunja mashuka.

Hiyo ndiyo pointi ya kwanza, mama. Omba ardhi. Omba marehemu yule aachwe apumzike, na huyo ndugu aliyetoa shamba lake asivunjike moyo.

Pointi nyingine ni sheria. Katiba yao ya mwaka 2015 inampa mtu uhuru wa kufuata dini yake, lakini inakataza kumgeuza mwingine. Kisha sheria ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018 ikaweka adhabu ya hadi miaka 5 jela. Mchungaji mmoja wa Pokhara alikamatwa Machi 2020 kwa sababu ya video ya mahubiri kuhusu korona, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo. Video tu! Wangapi wetu tungekuwa nje, na jinsi tunavyopenda kwenda laivu? Kwa hiyo tuombee mahakimu na polisi wa kule. Na nyinyi mlio kwenye magrupu ya WhatsApp, tafadhali: ukitumiwa picha ya ubatizo kutoka nchi kama hizo, usiisambaze na jina la kijiji. Amina yako haitamsaidia ndugu ambaye picha yako imempeleka korokoroni.

Wamishenari kutoka nje wapo, ila huwezi kuwatambua kwa haraka. Wanaingia kama wauguzi, walimu, mainjinia, na kibali chao ni cha kazi hiyo. Wanaombewa kidogo kwa sababu hawawezi kutuandikia ripoti za kusisimua. Waombee lugha, ndoa zao, watoto wao, na subira. Miaka ya 1930, wanawake wawili kutoka Uingereza, Lily O'Hanlon na Hilda Steele, walikaa Nautanwa upande wa India, wakitibu wagonjwa na kuombea nchi ambayo hawakuruhusiwa kuingia. Mlango ulifunguka mwaka 1952. Wakaingia Pokhara kwa miguu pamoja na waamini wa Kinepali, na ni Wanepali wenyewe waliolijenga kanisa. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu Wakristo zaidi ya laki 5. Wewe umeombea jambo moja kwa miezi mitatu na tayari unataka kubadilisha kanisa.

Nini tena? Paulo, akiwa kwenye minyororo, aliwaandikia Waefeso wamwombee. Soma sura ya 6 mwishoni. Aliomba apewe maneno na ujasiri wa kuyasema. Lakini Warumi 15 anaomba pia aokolewe mikononi mwa watu wabaya. Kwa hiyo usimwache mtu akuambie kwamba kuombea usalama wa watumishi ni uoga. Yote mawili yamo.

Jambo la mwisho. Kule kwa desturi ibada kubwa huwa Jumamosi, kwa sababu kwa miaka mingi Jumapili ilikuwa siku ya kazi. Aprili 25, 2015, tetemeko la ardhi lililoua karibu watu 9,000 lilipiga siku ya Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, na makanisa mengine yaliwaangukia watu wakiwa ndani wanaabudu. Huku kwetu ilikuwa saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi, wengi wetu tukiwa kwenye karai la nguo.

Wao wako mbele yetu kwa saa 2 na dakika 45. Saa tano yao ni saa mbili na robo yetu. Jumamosi hii, saa mbili na robo asubuhi, weka alamu. Huyo binti wa Doha nimemwambia amjulishe mwenzake kwamba kuna Wakenya watakuwa wamepiga magoti kwa ajili ya kaburi la mama yake. Alinijibu kwa neno moja ambalo amefundishwa na mwenzake, salamu ya waamini wa kule: Jai Masih.