Kama Unajua Kukamulia Samaki Ndimu, Unajua Mvinyo

Wacha niseme hii mapema ndio tusisumbuane: hakuna mtu huzaliwa akijua mvinyo. Hakuna. Wale wasee unaona Westlands wakizungusha glasi na kunusa kana kwamba wanatafuta gesi inavuja wapi, wote walifunzwa na mtu. Na kile walifunzwa, wewe tayari unakijua. Ni vile tu hakuna mtu amewahi kukuambia kwamba unakijua.

Nitaeleza nikitumia sehemu moja ya pwani ya Ureno inaitwa Colares. Kama hujafikisha miaka 18, soma tu, hii ni stori ya chakula na mchanga. Kama hunywi kwa sababu ya dini, ama hutaki tu, wewe pia soma. Utaona ni kwa nini.

Kwanza, hii hasira inatoka wapi. Mwaka jana rafiki yangu alipata kazi yake ya kwanza ya maana, akatuita tukule naye kwa hoteli moja hapa Nairobi. Akaagiza chupa. Weita akamimina tone dogo kwa glasi yake, halafu akasimama hapo akingoja. Rafiki yangu hakujua anangojewa afanye nini, akauliza kama hiyo ndiyo yote amelipia. Meza ya kando ikacheka. Weita naye akatabasamu, ile tabasamu unaijua. Mtu ndiye analipa bili ya watu sita, na ndiye anaonekana mshamba.

Kwa taarifa yako, lile tone si mtihani. Linamiminwa ndio uangalie kama mvinyo umeharibika, kwa sababu wakati mwingine kizibo huuchafua ukanuka kama katoni iliyonyeshewa. Unanusa, kama uko sawa unasema uko sawa, mnaendelea na maisha. Kumweleza hivyo kungechukua sekunde tano. Lakini kuna watu wanapenda usijue, kwa sababu usipojua ndio wao wanaonekana wakubwa.

Sasa twende Colares.

Kazo yangu anasoma Lisbon, na nilipoenda kumtembelea tulipanda treni hadi Sintra, kisha tukashuka upande wa bahari. Hapo ndipo bara la Ulaya linaishia, si mafumbo. Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya Ulaya bara, iko karibu hapo. Mbele yako ni Atlantiki tupu. Upepo unavuma na chumvi, ukungu unaingia bila hodi hata kukiwa kiangazi.

Mimi nilitarajia yale mashamba ya kwenye picha, mizabibu imesimama kwa mistari kama wanafunzi kwa gwaride. Manze, ya Colares imelala chini. Inatambaa juu ya mchanga kama viazi vitamu, kwa sababu ikijaribu kusimama upepo utaivunja. Kando kuna ua za matete za kuzuia huo upepo. Zabibu zikikaribia kuiva, wakulima huinua matawi kwa vijiti vifupi ndio zisiungulie kwa mchanga moto. Kila tawi, kwa mkono.

Na kuipanda ndio kazi haswa. Chini ya mchanga kuna udongo wa mfinyanzi, na mzizi lazima uufikie. Zamani watu walikuwa wanachimba mitaro ya mita kadhaa kwenda chini kuutafuta huo udongo. Mchanga ukiwa mchanga, unaweza kukuporomokea wakati wowote, kwa hivyo wachimbaji walikuwa wanavaa vikapu kichwani. Wakifunikwa, kikapu kinawaachia nafasi ya kupumua mpaka wenzao wawachimbue. Hebu fikiria hiyo, halafu fikiria msee wa Westlands akimcheka mtu juu ya glasi. Hiki kinywaji hakikuanza na watu wa suti.

Huo mchanga ndio uliokiokoa pia. Kuanzia miaka ya 1860, kuna mdudu mdogo anaitwa filoksera aliyefika Ulaya kutoka Marekani, akaanza kula mizizi ya mizabibu. Aliangamiza mashamba nchi baada ya nchi, mpaka wakulima wakalazimika kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Marekani yaliyokuwa yamemzoea. Mpaka leo, sehemu kubwa ya mvinyo wa Ulaya unatoka kwa miti iliyopandikizwa hivyo. Lakini mdudu huyo hawezi kusafiri ndani ya mchanga. Colares akagonga mwamba. Mizabibu ya pale kwa mchanga bado inasimama juu ya mizizi yake yenyewe. Samahani, inalala.

Zabibu nyekundu ya hapo inaitwa Ramisco. Ni ndogo, ngozi ngumu, na mvinyo wake ukiwa mchanga kiumri unakausha mdomo kama ndizi mbichi. Unahitaji miaka ndio utulie. Nyeupe inaitwa Malvasia de Colares, na ukiionja unahisi chumvi fulani kwa mbali, kama umeramba mdomo baada ya kutoka baharini.

Hapa ndipo wataalamu huanza kuongea lugha ya kukutisha. Usitishike. Kuna mambo matatu tu.

La kwanza, uchachu hukata mafuta. Kwa nini tunakula nyama choma na kachumbari? Kwa nini pweza wa Mombasa anakamuliwa ndimu? Kwa sababu mafuta na ladha nzito huchosha ulimi, na kitu kichachu huuamsha upya ndio urudie tonge lingine. Ile Malvasia inafanya kazi ya ndimu. Ndiyo maana inaenda na dagaa wakubwa wa kuchoma, wale sardinha ambao mwezi Juni huchomwa barabarani Lisbon wakati wa sherehe za Mtakatifu Antoni mpaka mji mzima unanuka moshi. Inaenda na kombe zilizopikwa kwa kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na dania. Inaenda na pweza wa kuokwa na viazi. Mimi nilikula zile kombe, nikachovya mkate kwa mchuzi mpaka sahani ikabaki safi, na kazo akaniambia huo ndio mtindo wenyewe, hakuna anayeniangalia.

La pili, ule ukavu wa mvinyo mwekundu unaitwa tanini, ni kitu kilekile kilicho kwa chai ya rangi iliyochemka sana. Tanini hushikana na protini. Ukiweka nyama yenye mafuta ama jibini iliyokaa, ukavu unalainika. Kwa hivyo Ramisco inaenda na mbuzi wa kuokwa. Jaribu kuiweka na samaki wa mafuta kama sardinha, na mara nyingi utabaki na ladha ya chuma mdomoni, kama umeng'ata sarafu. Ila Wareno wana samaki mmoja wanayemnywea mvinyo mwekundu bila wasiwasi: bacalhau, chewa aliyekaushwa kwa chumvi, kwa sababu nyama yake ni nzito na mara nyingi amepikwa na mafuta mengi ya zeituni.

La tatu, pilipili. Hapa nataka usikilize, kwa sababu hii ni yetu. Meli za Wareno zilibeba pilipili kutoka Marekani zikaisambaza duniani. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Hawakuja kwa upole, hiyo historia tunaijua. Lakini lugha zilishikana. Wao walituachia meza, bendera, leso na gereza. Na neno mvinyo? Limetoka kwa vinho yao. Nao kuku wao wa pilipili wanamwita wa piri-piri, neno linalosemekana limetoka kwa pilipili yetu. Kwa hivyo siku mtu atakuangalia vibaya kwa meza, kumbuka neno meza lenyewe lilishuka kwa meli ileile na mvinyo, na hizo zote zimekuwa Kiswahili kabla babu yake azaliwe.

Kanuni ya pilipili ni hivi: kileo kikali na tanini huchochea moto. Ukila kuku wa piri-piri na mvinyo mwekundu mkavu, utalia. Chukua mweupe, baridi, usio na kileo kikali. Ama maji ya ndimu yenye chumvi kidogo. Hayo maji yanafanya karibu kazi ileile, na hayakuulizi kitambulisho.

Unaona sasa? Uchachu, ukavu, moto. Mama yeyote anayeuza samaki na kachumbari anajua hii hesabu kuliko nusu ya wale wazungusha glasi.

Lakini kuna kitu kilinikaa rohoni huko. Eneo la Colares liliwekewa mipaka rasmi kama eneo la mvinyo mwaka 1908, na 1931 wakulima wakaunda ushirika wao, Adega Regional de Colares, ambao upo mpaka leo. Wakati mmoja kulikuwa na zaidi ya hekta 1,000 za mizabibu. Leo zimebaki makumi tu. Mdudu hakuweza kuimaliza, lakini nyumba ziliweza. Lisbon ilipanuka, watu wakataka keja zinazoangalia bahari, na mchanga ukawa na bei kubwa kuliko zabibu. Mtu aliyeona kahawa ya Kiambu ikigeuka ploti hahitaji tafsiri.

Kuna waliokataa. Karibu na Cabo da Roca kuna shamba linaitwa Casal Santa Maria, juu kabisa ya bahari. Mwenyewe, Bodo von Bruemmer, alizaliwa mwaka 1911. Alianza kupanda mizabibu hapo akiwa na miaka 95. Tisini na tano, wasee. Aliishi akavuna, akanywa alichopanda, akaaga dunia 2016.

Sijasema uende utafute chupa ya Colares. Inatengenezwa kidogo na si ya bei ya mtaa, na point yangu haiko hapo. Nasema kinywaji kizuri kina kwao. Kilikua karibu na samaki fulani, upepo fulani, na watu fulani wenye vikapu kichwani, na kikazoeana na chakula chao kabla mtu yeyote hajakiwekea bei ya kutisha. Mnazi unaogemwa Kilifi uko hivyohivyo. Muratina iko hivyohivyo. Tofauti ni kwamba Mreno hajawahi kuambiwa aone aibu ya chake.

Kwa hivyo ukipewa ile menyu ndefu yenye majina huwezi kutamka, usianze na bei na usianze na jina. Uliza swali moja, kwa sauti: tunakula nini?